Upana wa Kidole

Kitale,
Jumapili, 4 Agosti 2024.

Kwako dada yangu Nasimiyu, Mama Nasike,

Pokea salamu kutoka kwangu, kutoka kwa Emmy, na kutoka kwa watoto wetu ambao wamenenepa hadi vifungo vya shati vinaomba msamaha. Huku Kitale tuko wazima. Mahindi yamesimama vizuri na mvua inanyesha kila jioni bila kukosa siku, kama mtu aliyeandikwa kazi. Mgongo wangu ulinisumbua wiki jana, lakini daktari alisema ni ugonjwa wa watu wanaokaa kwenye viti vya bei, kwa hivyo nimeupokea kwa heshima. Natumaini wewe hujambo, shemeji Nyongesa hajambo, na mama mkwe wako, Kukhu, goti limepoa. Mwambie ile dawa niliyomletea kutoka Kampala ni ya kupaka. Najua anaionja.

Utashangaa mimi, mtu wa simu mbili na laini tatu, kushika kalamu. Lakini dada, siku hizi simu yako anaipokea shemeji, na akisikia ni mimi anaweka sauti juu boma lote lisikie, halafu ananiuliza kama nimeshachagua kipande changu cha shamba. Mara ya mwisho nilimjibu maneno ambayo hata matingo wa lori hawatumii. Kwa hivyo nimemwomba Mama Khadijo, huyu jirani yangu wa karibu na msikiti anayeuza leso na viatu vya plastiki sokoni Kimilili, akuwekee barua hii mkononi wewe mwenyewe. Isome peke yako mpaka mwisho. Na usikasirike kabla ya kufika mwisho, maana huko mwisho ndiko kuna sababu ya kukasirika.

Nianze na yale unayoyajua. Mwezi wa kwanza Nasike alikuja likizo kutoka chuo na kamba, nyundo, na gunia la vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Akavipiga kwa mstari mmoja ulionyooka, kukata mteremko hapo juu ya migomba, kutoka mpaka hadi mpaka. Shemeji akatoka kanisani akavikuta. Sasa niambie, katika Bungoma hii yote, nani anaona kigingi chenye rangi kwenye shamba la mzee aliye hai akafikiria masomo? Kila mtu anafikiria saveya. Shemeji aliona binti yake anagawa shamba na yeye bado anapumua, na nyuma ya binti akaona mjomba mmoja wa Kitale mwenye tumbo na lori. Aliving'oa, akavivunja vikawa kuni, akamwambia Nasike arudi huko alikofundishwa kumzika mzazi macho yakiwa wazi. Mimi naapa sikujua habari ya kigingi hata kimoja. Lakini nani angeamini? Hata mimi ningejishuku.

Halafu Pasaka tukaitwa kikao. Nasike alijaribu kueleza. Alisema hapo tambarare mlipojenga, hapo tunapopasifu wote kwa kuwa pana chemchemi na ndizi zinatoa mikungu mizito, hapakuumbwa hivyo. Ni udongo ulioporomoka zamani kutoka juu ukaja kukaa pale, na uliporomoka zaidi ya mara moja, na unaweza kuporomoka tena. Alisema vigingi vilikuwa vya kupima kama mlima unatembea. Shemeji alisimama akiwa ametulia kabisa, na ndiyo maana alitushinda. Aliuliza tangu rika la Kolongolo mpaka Kolongolo ikarudi tena, na ile Kolongolo iliyotangulia, ni nani aliyewahi kusikia mlima umeanguka. Alisema kila mzee mkubwa akifa, msemaji wa matanga anasimama mbele ya watu na kusimulia tulikotoka, vita, nzige, njaa, mpaka ugonjwa wa ng'ombe. Wazee waliokumbuka hata ng'ombe wa nani alizaa pacha, ati wangesahau kilima kizima? Watu wakapiga makofi.

Na mimi, unakumbuka, nilisimama nikauliza kama mlima ukishuka utahitaji leseni ya barabara. Boma lilicheka mpaka Kukhu akafuta machozi. Nasike peke yake hakucheka. Kikao kikaishia hapo, na ikakubaliwa kwamba mwanao Khisa atatahiriwa Agosti hii papo hapo, na nyumba ya wageni ijengwe karibu na chemchemi.

Sasa nakuja kwa usiyoyajua.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoka Mombasa na shehena ya vigae vya kupeleka Kampala. Nilipofika Webuye nikamkuta Nasike ananingoja kando ya barabara na mkoba wake. Aliniita Khocha, mjomba, kama anavyoniita akitaka kitu, akasema anaomba lifti mpaka Malaba. Nikamwambia Malaba hakuna chuo. Akasema leo kipo, na mwanafunzi wake ni mimi dereva. Unajua ulimi wa huyo mtoto ameutoa wapi, wala si kwa Nyongesa.

Foleni ya Malaba siku hiyo ilikuwa imelala nyuma kilomita na kilomita, malori yamepangana hadi macho yanachoka. Tulikaa humo kutwa nzima. Nilianza kujigamba, unavyonijua. Nilimwambia hii barabara ya Mombasa hadi Malaba naijua kuliko mwili wangu, kila kona, kila mzani, kila mama wa chapati. Akasema vizuri, basi tutumie hiyo. Umri wa dunia yote, alisema, tuutandaze juu ya barabara yako. Kuumbwa kwa dunia kuwe Mombasa, na leo hii kuwe geti la Malaba. Kilomita moja ni miaka milioni tano.

Nikacheka. Nikamwambia miaka milioni tano hata Kukhu hajafika. Akaendelea.

Alisema tunapotoka Mombasa hakuna bahari, hakuna madafu, ni mawe yanachemka tu kama uji. Nikamuuliza ni wapi nitakutana na mtu. Akasema subiri. Karibu na Voi kuna uhai, lakini ni vidudu vidogo ambavyo jicho halivioni. Mtito Andei, bado vidudu. Athi River hewa inaanza kupata kitu cha kuvuta puani. Nairobi, vidudu. Naivasha, Nakuru, huko Timboroa penye baridi ya kung'ata masikio, bado ni vidudu, na hakuna samaki, hakuna nyasi, hakuna hata funza wa kukuingia kidoleni. Dada, niliona uchungu. Nimeiendesha barabara hiyo miaka mingi, na kumbe karibu yote ni upweke mtupu. Ni mpaka umeiacha Eldoret ndipo wanyama wenye magamba na miguu wanaanza kutambaa chini ya bahari. Turbo, mimea inatoka majini ijaribu nchi kavu. Webuye pale nilipombeba, misitu mikubwa na wadudu wenye mabawa marefu kuliko mkono wangu. Kati ya Webuye na Bungoma wanaingia wale mijusi wakubwa kama nyumba. Wanapita Bungoma mjini wakijiona wenye nchi, halafu kilomita kumi na tatu kabla ya geti wanakwisha, kwa jiwe lililoanguka kutoka juu.

Nilimuuliza sasa Mungu alikuwa wapi wakati huo wote. Nilitaka nimnase, maana shemeji ni mzee wa kanisa na mimi pia hubatizwa kila nikiponea ajali. Alisema hajaona mahali palipoandikwa kwamba Mungu alikuwa na haraka. Haraka, alisema, ni ya madereva.

Foleni ikasogea, tukasogea. Akaniambia watu wa mawe wamefanya kama wazee wetu wa Kibukusu. Wazee walipoona miaka haishikiki, waliipa majina ya marika, wakasema huyu ni Maina, yule ni Chuma, na ukitaja rika la mtu unajua alikua wakati wa nini. Wataalamu nao wameipa dunia marika. Lipo la samaki, lipo la misitu, lipo la mijusi, na mpaka kati ya rika na rika mara nyingi ni msiba mkubwa, kitu kilichoua wengi. Tofauti ni moja. Majina yetu ni manane na yanazunguka, na baada ya karibu miaka mia Kolongolo inarudi. Ya mawe hayarudi. Likipita limepita.

Tulipofika kama kilomita tano kutoka getini, foleni ikagoma kabisa. Nasike akaniambia nizime injini, nishuke. Tukasimama kando ya mtaro. Mlima Elgon ulikuwa unaonekana kule kaskazini, mpana, umejilaza na wingu lake. Akasema hapa, Khocha, hapa tuliposimama, ndipo huo mlima ulianza kutapika moto. Nikaangalia nyuma nilikotoka, nikaangalia mbele. Nilikuwa nadhani Elgon ni mzee wa wazee. Kumbe kwa dunia ni kijana wa juzi. Lakini hizo kilomita tano, dada, kuzitembea kwa mguu kwenye jua la Malaba si mchezo.

Nikamuuliza sisi binadamu je. Akasema sisi tunatoshea kwenye matrela matatu ya mwisho. Tulipofika getini jioni, alishuka tena akaenda mbele ya lori langu, akaweka mkono kwenye bampa. Alisema kutoka hapa kurudi nyuma hatua moja kubwa ndipo mtu wa kwanza alianza kuandika kitu. Halafu akainua kidole chake kimoja, akakiweka karibu na kile chuma cha geti. Akasema mzunguko mzima wa marika yetu, kutoka Kolongolo mpaka Kolongolo, babu na baba wa babu na kila kitu kinachosimuliwa matangani, ni upana wa hiki kidole. Baba anasema katika upana huu mlima haujaanguka. Ni kweli. Baba hasemi uongo. Hata tukiweka vidole viwili, vitatu, ni kweli. Lakini mlima umekuwa hapa kilomita tano.

Ofisa wa forodha alikuwa anatupigia kelele tusogee. Mimi nilikuwa nimesimama nakiangalia kidole cha mtoto. Dada, nimefika Juba, nimefika Goma, nimelala kwenye hoteli yenye maji moto Kigali, na nilijua mimi ni mtu aliyeona dunia. Siku hiyo niliona nilichoona ni rangi ya geti.

Na jambo moja nataka ulijue kama mama. Kutwa nzima hakumwita baba yake mjinga hata mara moja. Hakusema hata kwamba ni mkaidi.

Niliporudi kutoka Kampala nilipitia Kimilili. Ilikuwa siku ile mlimpeleka Kukhu hospitali ya Lugulu kwa ajili ya goti, na shemeji alikuwa sokoni. Nilipanda na Nasike mpaka nyuma ya boma. Sikutaka kuamini maneno, nilitaka kuona kwa macho haya. Kwanza alinipeleka kwenye korongo, pale kijito kilipokata ukingo mwaka huu. Ukingo unaonekana kama keki iliyokatwa. Juu kabisa kuna udongo mweusi wa shamba lenu. Chini yake, mawe na matope yaliyochanganyika ovyo. Chini yake, udongo mweusi tena, na ndani mna kisiki cha mti kimelala chali. Chini yake mawe tena. Na chini kabisa, karibu na maji, udongo mweusi wa tatu. Nasike aliniambia kila mweusi ni wakati ambapo majani yaliota na kuoza, yakaota na kuoza, miaka elfu pengine, mlima umetulia. Nikaweka kiganja juu ya ule wa katikati. Nikajiambia huu nao ulidhani mambo yamekwisha.

Halafu tukapanda kwenye nepia, yale majani marefu ya ng'ombe. Shemeji aliving'oa vigingi vilivyokuwa wazi, lakini vya ndani ya nepia hakuviona. Vimebaki vingi. Nasike alivipiga kwa kamba, vikanyooka. Sasa hivi ukisimama mwisho mmoja ukafumba jicho moja, mstari una tumbo. Katikati umeshuka. Nilisimama upande wa pili nikaangalia tena, nikitumaini ni jicho langu. Ni tumbo kabisa, kama hili langu. Juu ya hapo kuna ufa kwenye majani, umejipinda kama upinde juu ya boma lote. Nilijilaza nikaingiza mkono mpaka begani, sikugusa chini. Shati langu la Kigali liliharibika na sikulijali.

Na wewe mwenyewe ulishaniambia, ukidhani unapiga stori tu. Mwezi wa sita ulisema maji ya chemchemi yamekuwa mekundu. Ulisema mlango wa jikoni haufungi, na shemeji ameupiga randa mara mbili na bado unakwama. Dada, si mbao iliyovimba. Ni nyumba inayopinda.

Nilimshika Nasike mabega nikamwambia anitajie siku. Alikataa. Alisema hajui, na hakuna anayejua. Inaweza kuwa mvua ya mwezi huu, inaweza kuwa wakati wa wajukuu wa Khisa. Anachojua ni kwamba mlima umeanza kusogea, na mvua ikiingia kwenye ufa utasogea zaidi. Ningependa angenidanganya tarehe. Tarehe mtu anaweza kubishana nayo.

Tangu hapo silali. Nafikiria ile sherehe. Watu wa koo mbili, watoto, akina mama na masufuria, wanaimba na kurukaruka usiku kucha katika mvua ya Agosti, chini ya ule upinde. Na mimi ndiye niliyewachekesha mkakubali.

Basi sasa nifungue moyo. Jumatano Khisa alifika kwangu na wenzake, amejipaka na kuvaa shanga, anagonga kengele zake na kuimba, kunialika mimi mjomba wake kama desturi inavyotaka. Alicheza hadi majirani wote wakatoka nje, hata Mama Khadijo akapiga vigelegele. Nilijivunia huyo kijana, karibu nilie. Wenzake waliondoka Alhamisi. Siku hiyo nilimtumia shemeji ujumbe kwamba Khisa amepitia kwa jamaa wengine, msiwe na wasiwasi. Huo ni uongo wangu. Khisa yuko hapa. Anakula mayai yangu kila asubuhi na kunishinda kwa drafti. Kengele zake nimezifungia ndani ya kebini ya lori, na ufunguo uko shingoni mwangu. Nimemwambia ukweli wote, na baada ya kunikasirikia siku moja nzima, alisema atangoja.

Sitamwachilia arudi mlimani. Shemeji ana boma, lakini luliki, ile nyama ya mjomba, ni yangu. Mimi ndiye wa kuchinja ng'ombe na kumvika huyo mtoto nyama shingoni, na bila hiyo hakuna mtahiri wa Kibukusu atakayemgusa. Nakataa kumvika mtoto wa dada yangu nyama ili akasimame chini ya ufa. Shemeji atasema mwanawe hawezi kutahiriwa kwa mjomba kama asiye na kwao. Ana haki. Ndiyo maana Ijumaa nilikwenda Tongaren kwa kaka yake mkubwa, mzee Wamalwa. Nilimweleza yote, barabara na kidole na mlango wako wa jikoni. Halafu akauliza Kukhu, mama yake, analala chumba gani. Nikamwambia cha nyuma, upande wa mlima. Akasimama, akazunguka uwanja wake, akasema hapa ni damu ile ile na ukoo ule ule, mtoto atasimama hapa. Jumatano asubuhi atampigia shemeji kumwambia hivyo, na kumwambia mtoto yuko kwa nani.

Unamjua mumeo. Akisikia nimemficha mwanawe, hatamaliza chai. Atachukua fimbo na kuja Kitale. Nakuomba kitu kimoja tu, dada: usimtulize. Mwache ashuke na hasira yake yote. Mimi nitakuwa mlangoni, sitamfungia, na akitaka kunipiga atanipiga hapa, nchi tambarare. Akishatoka, lori langu litakuwa limeegeshwa chini penye njia panda, tupu, na Nasike ndani. Mweke Kukhu mbele kwa dereva. Leta watoto, ng'ombe, godoro, na ule mlango ukitaka. Msibaki hata mmoja wa kulinda nyumba.

Nasike akiwa amekosea, mlima utabaki pale na mimi nitaitwa mwizi wa watoto katika kila matanga kutoka Kimilili hadi Tongaren. Nitaitika. Nitasimama niseme ndiye mimi.

Nasalimia wote wa hapo kwa majina yao, na Kukhu mara mbili. Emmy ameshatandika vitanda, na anasema mtalala kwa kubanana lakini mtalala. Mvua imeanza tena juu ya mabati hapa. Ukipata barua hii, mpe Mama Khadijo neno moja tu la kuniletea, ndiyo au hapana, na uniombee iwe ndiyo.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,

Wanyonyi